Mafuta ya Magoti

Usigeuze uso. Wewe ndiye unayepita hapa Kwa Mrombo kila siku ya soko, unaona transfoma inavuja, unaendelea kuchagua nyanya. Nililalamika kwenye mkutano wa mtaa, mkanicheka, kisha mkatundika kopo chini yake. Mafuta mkajipaka magotini, eti dawa ya baridi.

Leo Anneth, fundi wa umeme, amechovya kidole koponi, akanusa. Kidole kimetoka cheusi, kinanuka kuungua.

"Mama, yamebadilika rangi lini?" akamuuliza muuza nyanya.

"Pasaka yalikuwa kama maji, mwanangu. Sasa yamekolea, ndiyo yanaponya."

"Yanaungua humo ndani!" Akaelekeza juu kamera ya kupima joto. Kwenye kioo chake, maungio ya waya mmoja yaling'aa meupe kwa joto. Mengine mawili yalikuwa ya bluu, bado baridi. "Transfoma ikipasuka itawamwagia moto. Nazima."

"Uzime, na nyama ya kipaimara iko kwenye friji? Subiri Jumatatu, dada!" mwanamume mmoja akafoka.

Anneth ameinua fimbo ndefu ya kuzimia umeme. Wanaume wawili wameidaka, hawaiachii. Juu yao transfoma imeanza kutokota.

Wewe mwenye kikapu, uko karibu kuliko mimi. Wabandue mikono. Sasa hivi!