Kufuli la Stima

Draya ilikata pumzi kwa mara ya tatu asubuhi hiyo, na nusu ya kichwa cha mteja bado imelowa.

Joyline hakuuliza ni nani. Aliitupa draya kitini, akatoka kwenye chumba cha mbele alichokigeuza saluni, akapita jikoni, akamkuta mama mkwe wake chini ya kisanduku cha stima. Leo Warigia hakuzima tu. Alikuwa amenunua kufuli jipya, na alikuwa analifunga taratibu kama mtu afungaye ghala.

"Mama, nina mtu kwa kiti."

"Akauke na jua."

"Hii ni kazi yangu!"

"Hilo nalijua sana," Warigia akasema, macho makali kama wembe. "Kazi yako. Wewe hata Mungu humwogopi."

Mteja aliondoka na taulo kichwani, bila kuaga.

Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu Warigia aje kutoka Chepsaita kutibiwa goti. Goti lilipona, mwenyewe hakuondoka. Joyline akichomeka draya, pasi au birika, mkono wa mzee huyo uko kwenye swichi kubwa. Alizunguka vyumbani akipapasa kuta kwa kiganja, kama bibi anayekagua vumbi la mjakazi. Siku ya pili tu alikokota kitanda cha Tabby, mjukuu aliyepewa pia jina lake la Warigia, akakipeleka chumbani kwake na kukisimamisha katikati ya sakafu. Joyline alielewa: ananyang'anywa mtoto kidogo kidogo. Tangu siku ya harusi Warigia hakuwahi kuficha kwamba alitaka kijana wake aoe nyumbani, si kufuata msichana wa kutoka ziwani.

Alipomlalamikia mumewe, Antony alicheka.

"Vumilia, Joy. Mathe amezeeka na taa ya koroboi. Kwake stima ni nyoka."

"Basi nikae naye chini nimuulize shida ni gani."

"Usimuulize kitu! Utamchokoza bure. Ataenda tu."

Nyumba hiyo ya mtaa wa West Indies Antony aliijenga mwenyewe, na waya zote alizivuta kwa mkono wake. Hakuna mgeni aliyekunywa chai pale bila kusimuliwa hilo.

Ikawa vita. Wanawake wawili wakaacha kusalimiana, wakapika kwa sufuria mbili. Siku moja Joyline alimwaga beseni la maji ya nywele mlangoni akimwona mzee anapita, yakamrukia hadi magotini. Warigia alikung'uta sketi yake.

"Mwanamke wa kupenda nywele za watu kuliko damu yake," akasema, akaenda zake.

Neno hilo lilimkaa Joyline kooni kama mwiba wa samaki. Alhamisi, Warigia alipoenda mkutano wa akina mama kanisani, Joyline alimwita Lusweti, fundi wa stima.

"Vunja hilo kufuli. Halafu univutie laini ya saluni peke yake, yule mama asiweze kuizima."

Kufuli lilivunjika kwa pigo moja. Joyline akawasha draya, akaiacha ikinguruma kwa raha zake. Haikupita robo saa, Lusweti akaweka mkono ukutani apime njia ya laini mpya. Aliuondoa haraka kama aliyeungua, akakimbia kuzima. Kisha akafungua soketi, akavuta waya nje.

Plastiki ilikuwa imeyeyuka, nyeusi, yenye harufu ya tairi lililoungua.

"Nani aliwafanyia hii kazi?"

"Mume wangu."

"Hii ni fleksi, Mama. Hii waya laini ya nyuzi nyembamba, kama kamba ya pasi. Haizikwi kwa ukuta, na haiwezi kubeba draya." Alipapasa plasta mpaka chumba cha pili. "Amezika nyumba nzima. Na moto haukuanza leo. Kuna mtu alishaona, angalia hii tepu, bado mpya."

Joyline alikaa chini. Upande wa pili wa ukuta huo ndipo kilipokuwa kitanda cha Tabby, kabla hakijakokotwa.

"Huyo mnayesema anawazimia," Lusweti akasema akikusanya vyombo vyake, "mchinjieni kuku."

Fundi alipoondoka, Joyline alibaki na kipande cha waya mkononi. Alimwonea Antony huruma. Maskini, jinsi anavyojisifia kazi hii! Angemwambiaje bila kumvunja moyo?

Warigia aliingia, akaona kisanduku wazi na kufuli sakafuni. Mwavuli aliotoka nao kanisani ukapanda juu kama fimbo.

"Umevunja! Shetani wewe, umevunja!"

Joyline hakurudi nyuma. Alimnyooshea ule waya.

"Mama, ulikuwa unajua."

"Tangu siku ya kwanza! Niliegemea huo ukuta nikaungua mgongo. Nikamwita Antony saa hiyo hiyo, akafungua, akaona kwa macho yake, akafunga na tepu."

"Antony?"

"Kwani nina mtoto mwingine hapa?"

"Na mimi mbona hamkuniambia?"

Mwavuli ulishuka polepole. Kwa mara ya kwanza sauti ya Warigia haikuwa na sumu.

"Tukuambie nini, Mama Tabby? Si Antony aliniambia alikusihi mara tatu ukuta uvunjwe, ukamwambia afadhali tuungue wote kuliko saluni ifungwe wiki moja?"