Kadi Isiyo na Kelele

"Isipige kelele hata kidogo," alisema yule mzee. "Bibi yake amelala hapo hapo pembeni yake."

Jasna alishusha kutoka rafuni kadi ya michoro ya kompyuta yenye feni mbili, akaiweka juu ya kaunta. Alikuwa na miezi michache tu hapa Negotin, mashariki mwa Serbia, tangu atoke Novi Sad kuja kumshikia mjomba wake duka la kompyuta, na tayari alikwisha kuwazoea wazazi wa namna hii. Hawajui kadi ni kitu gani. Wanajua tu kwamba kijana nyumbani amenuna. Huyu alijitaja kuwa Paun, kutoka kijiji cha Wavlahi, watu wenye mila zao za kale, huko juu kilimani, na kadi ilikuwa ya mwanawe Darijan, wa miaka kumi na saba.

"Hii haisikiki," Jasna akasema. "Ila ukiipa gemu nzito, inapata moto."

"Moto hapana. Chumba chake kidogo, na dirisha la kufungua hakina."

"Basi ipo ya kupozwa kwa maji. Hiyo ndiyo kiboko."

"Maji!" Mzee alishtuka. "Humo ndani maji hayaingii, binti. Hata tone."

Jasna alicheka. Mzee hakucheka.

Akamwonyesha ya tatu, ndefu na nzito kama tofali. Feni zikiwa tatu, akaeleza, kila moja huzunguka polepole, kwa hiyo joto linatoka na kelele hakuna. Na kwa nguvu, hakuna gemu itakayoikwamisha. Paun aliipokea kwa mikono miwili.

"Ndiyo hii hii aliyoitaka. Aliniomba weee, nami kila siku namwambia soma kwanza. Haya, sasa acheze. Muda anao."

"Na shule je?"

"Shule ilikwisha tangu majira ya baridi. Hatoki."

"Hatoki kabisa? Anakula nini?"

"Mama yake humpelekea Jumamosi."

"Jumamosi tu, mzee wangu?"

"Na sikukuu," Paun akajibu, bila wasiwasi wowote.

Tabasamu la biashara likafutika usoni mwa Jasna. Akauliza kama kijana ana marafiki wa kucheza nao.

"Mwanzoni walikuja. Si unawajua vijana? Sasa hawaji. Ufunguo ninao mimi, na mlango naufungua mimi."

Usilolijua ni usiku wa giza, na katika giza hilo Jasna aliona kitu kimoja tu: mtoto aliyefungiwa. Aliogopa, tena aliogopa hasa. Lakini angewapigia polisi simu awaambie nini? Kwamba baba amemnunulia mwanawe kadi ya gemu? Na akiuza, akanyamaza, atalalaje?

"Nitakuja kuifunga mwenyewe," alisema. "Bure. Kadi nzito hivi ikifungwa ovyo huvunja ubao wa kompyuta."

Paun akamgeukia. "Huogopi?"

"Niogope nini?"

"Watu wa huko kwenu, wengine huogopa kuingia." Kisha uso wake ukalainika. "Njoo basi. Leo Jumamosi, mama yake yuko huko. Atafurahi. Siku nyingi hatujapata mgeni."

Jasna alimwandikia mjomba ujumbe kumweleza anakokwenda, akatia bisibisi ndefu mfukoni mwa koti, akaingia garini.

Ukungu wa Novemba ulikuwa umeshuka hadi barabarani. Walipita majumba ya ghorofa yaliyofungwa madirisha, wenyewe wako Vienna wanatafuta riziki. Mbele ya mojawapo Paun alinyoosha kidole.

"Hapa ndipo kwangu." Gari halikusimama.

"Darijan haishi hapa?"

"Ana yake. Nilimjengea."

Juu ya kijiji palikuwa na kichochoro cha vijumba vilivyopangwa mlango kwa mlango, na Jasna akadhani amevitambua: nyumba za mvinyo. Alishapelekwa kuona za namna hiyo, mahali ambapo watu wa huku huweka mapipa yao, na mavuno yakiisha hakai mtu. Hapakuwa na moshi. Hapakuwa na mbwa hata mmoja wa kuwabwekea. Mtoto akilia humu, atasikiwa na nani?

"Majirani zake watulivu," Paun akasema. "Hatuna malalamiko."

Mbele ya kijumba chenye vigae vyeupe alikuwa amesimama mwanamke wa kitambaa cheusi, mkononi ana bakuli la ngano ya kuchemsha iliyonyunyizwa sukari. Alimchotea Jasna kijiko kabla hata ya salamu.

"Kula, mwanangu. Kwa ajili yake."

Jasna alimeza bila kutafuna, macho kwenye kufuli. Paun alihangaika na ufunguo, mlango wa chuma ukalia, na Jasna akampita kwa kishindo, mkono mmoja kwenye bisibisi, mwingine tayari kumkamata mtoto na kukimbia naye.

Ndani palikuwa safi. Palikuwa na meza, kompyuta, skrini kubwa, jezi ya mpira imetundikwa ukutani, na kiti kizuri cha kuchezea gemu ambacho bado hakijavuliwa nailoni yake. Kitanda hakikuwapo. Jasna alizunguka pale pale katikati ya zulia jekundu, akatazama pembe zote nne, halafu akazitazama tena.

"Yuko wapi?" alipiga kelele. "Mmemfanya nini mtoto?"

Mama aliweka bakuli ukingoni mwa zulia, akawasha mshumaa kando yake. Paun alivua kofia.

"Sogea kidogo, binti," akasema taratibu. "Umemkanyaga kifuani."