Radi na Tableti ya Jeruto

Wamama wenzangu, mkiona mawingu msianzishe apdeti.

Jeruto wangu hatoi neno kwa mdomo. Huongea kwa tableti, akibonyeza picha nayo inatamka neno. Betri yake ilikufa kitambo, inaishi kwa chaja.

"Mama Jeruto, usichomoe mpaka imalize," mwalimu wake aliniambia akitoka, baada ya kuanzisha apdeti.

Apdeti ilifika asilimia tisini na nne, radi ikalia upande wa Kaptagat. Kwetu radi ikilia unachomoa kila kitu, hata kioo unafunika. Mkono wangu ulichomoa kabla sijafikiria.

Skrini ikawa nyeusi. Nilichomeka tena mara tatu, ikabaki vile.

Jeruto akaja na kikombe chake. Akaweka kidole kwenye kona ya chini, pale neno "Mama" hukaa, akabonyeza. Haikusema kitu. Akaniangalia, akingoja.

Nikaitika.