Utamu wa Nyasi za Bondeni

Zamani wanyama walipata habari zao zote kwa ndege mmoja, Chiriku. Chui, aliyechoka kukimbiza mawindo, akamwendea.

"Tangaza habari zako kama kawaida," akamwambia, "ila kila ukivuta pumzi, nong'ona: nyasi za bondeni tamu. Nami nitakulindia kiota, nyoka asikisogelee."

Chiriku akatangaza mvua, akatangaza harusi ya Kanga, na katikati akanong'ona. Hakuna aliyeusikia mnong'ono ule, lakini uliwaingia wote.

Mwezi haujaisha, Swala akaamka na uchu. "Twende bondeni, mwanangu. Nazitamani nyasi za kule mpaka mate yananidondoka!"

Njiani wakakutana na Nungunungu, anayekimbiwa na kila mtu kwa maswali yake.

"Ulizionja lini?" akauliza.

"Mara nyingi tu!" Swala akajibu. Kisha akaitafuta ladha ile mdomoni, akaikosa. Hakuwahi kufika bondeni tangu azaliwe.

Juu ya tawi, Chiriku akavuta pumzi. Safari hii Swala aliusikia mnong'ono, akajua kuna anayewavuta bondeni awale.

"Ahsante, ndugu yangu," akamwambia Nungunungu. "Umeniokolea mtoto, nami kila nikikuona nilikuwa nabadili njia!" Angemkumbatia, kama si miiba. Tangu hapo humpelekea mizizi kila asubuhi, naye hukaa hapo aulizwe maswali.

Swala akawaonya wengine, na kule bondeni Chui alisubiri bure siku nyingi, sauti ya Chiriku ikimfikia. Mwisho akainama, akang'ata nyasi, akatafuna.

"Tamu kweli," akasema.