Kelele ya Saa Nne

Saa nne na dakika nane asubuhi, kelele iliingia tena redioni, kama mchanga unaomwagwa juu ya bati.

"Mashine nimezima, Bwana fundi," alisema mama wa kusaga mahindi, amesimama mlangoni na unga hadi kwenye kope. "Bado utanipeleka kwa chifu?"

Oketch, fundi wa redio aliyekuwa akimshuku kwa kelele hiyo, alielekeza antena kwenye mashine. Kelele ikafifia. Akainua antena juu, kelele ikarudi kwa nguvu.

Alifungua daftari lake la kelele zote za mji wa Awasi. Jana ilianza saa nne na dakika kumi na mbili. Juzi, kumi na sita. Kila siku dakika nne mapema, kama nyota zinavyowahi kuchomoza.

Akafuta jina la Mama kwenye orodha ya washukiwa.

"Inatoka juu."

Mama akaitazama anga tupu. "Basi huko anasaga nani?"