Kitabu cha Uhunzi Kwenye Meza ya Karanga

"Weye unakula karanga ao unakula kitabu?" Scholastique aliuliza, akikunja karatasi kuwa kifuko.

Gaspard hakucheka. Mhunzi huyo alikuwa na uso wa mtu aliyetoka matangani na anayekwenda matanga mengine. "Karatasi ya leo iko ya kitabu?"

"Iko. Fungua, tuangalie."

"Apana, mama. Upepo itamwaga karanga. Nitasoma ku nyumba."

Akaondoka na kifuko chake, polepole, kama anayebeba sakramenti.

Vita vilikuwa vimesimama Bunia. Kuisha ni jambo lingine. Katika kukimbia na kurudi, Gaspard alikuwa amepoteza kitabu cha zamani cha uhunzi alichoachiwa na mapadri. Bila ukurasa wa kugumisha chuma, alisema, majembe yake yangepinda kama mkate. Alikitafuta Nyankunde. Alikitafuta Boga. Aligonga kila mlango wenye rafu ya vitabu. Mwishowe alikuta nakala moja Mudzipela, mtaa wa Bunia, bila jalada, ikifungia karanga za mjane Scholastique, aliyeinunua sokoni pamoja na karatasi nyingine kuukuu.

Scholastique alitaka kumpa rundo lote siku hiyohiyo. Gaspard akakataa kwa heshima kubwa: mama huyo angefungia nini karanga? Afadhali ukurasa mmoja kila siku.

"Na ukipata ule ukurasa?" Noëlla, muuza sombe, yaani kisamvu, wa meza ya jirani, alimuuliza mara moja.

"Nitaenda Boga. Ndugu yangu iko ananingojea kule na kazi."

Tangu hapo Scholastique alizidi kuchoka. Karanga zilikuwa zilezile, jua lilelile. Kilichomchosha ni kuamka kila asubuhi na kupekua rundo, akiomba ukurasa usiwepo. Katika Bunia nzima hakuna mwingine ila Gaspard aliyemuuliza amelalaje.

Asubuhi moja ukaonekana. Jembe jekundu lilikuwa likizamishwa kwenye ndoo ya maji, na juu yake neno la kugumisha chuma kwa Kifaransa, lugha ambayo masista walimfundisha kusoma. Akauficha ndani ya kitenge. Siku hiyo Gaspard alipewa ukurasa wa viatu vya farasi, mnyama ambaye Mudzipela haijapata kumwona.

"Choma ile kitu," Noëlla alimnong'oneza. "Moto iko hapa, sombe inangoja."

"Na majembe yake? Atakula nini?"

"Atakula karanga! Si ndiyo chakula yake?"

Scholastique hakucheka. Alimwachia Noëlla meza, akaenda kwa miguu hadi kibanda cha mhunzi, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga. Gaspard alikuwa akivukuta moto, peke yake.

"Nimeipata, fundi." Akamnyooshea karatasi. "Sasa unaweza kwenda."

Gaspard aliipokea kama mtu anayepokea habari ya msiba. Hakuitazama.

Scholastique naye hakutaka kumtazama usoni. Akainua macho. Kwenye boriti ya paa, mbali na panya, vifuko vyake vyote vya karanga vilikuwa vimetungwa kwenye waya kama rozari. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kimefunguliwa.