Tangazo la Ua Wetu

Kila mwanafunzi wa matangazo pale chuoni alikuwa na jalada la kazi zake mtandaoni, nalo lilijitungia tangazo la kitu ambacho nyumba yao ingekihitaji karibuni. Halikuwahi kukosea. La Saumu lilitangaza magauni ya uzazi kabla dada yake hajakiri mimba. Mtaa ulikula umbea wiki nzima.

Asubuhi hii la Mishi lilitangaza maturubai na viti vya msiba. Picha ni ya ua wao, majirani wote wamo. Mama yake tu hayumo, na yeye hakosi shughuli.

Mishi akampigia mwalimu. “Nilifute?”

“Ukifuta umefeli mwaka. Na nimeshalipatia alama ya juu kabisa!”

Akalifuta. Jikoni mama alikuwa akimsimulia jirani habari za watu, akicheka mpaka akakohoa. Hodi ikapigwa. Wanaume wawili, na futi ya kupimia.

“Tuliliona tangazo. Tumekuja kupima ua.”

“Hee, Mishi, kumbe tuna shughuli na huniambii!” Mama akatoka mbio, uso umemchangamka. “Karibuni, baba zangu. Pimeni mpaka ukutani, watu wangu mimi ni wengi.”